Usiku wa Ghala Namba Mbili

Mimi ni karani wa mizani, si mwalimu.
Nimezoea gunia: halilii, haliombi maji,
halikuulizi baba yuko wapi.
Lakini ufunguo wa ghala ulikuwa mfukoni mwangu
redio ilipotangaza kimbunga,
na lori likawashusha hapa Nanguruwe
watoto wa Msimbati, wa Mkubiru, wa Naumbu,
arobaini na mmoja, na mama watatu.
Mtendaji akanigonga bega: "Nandonde, hawa wako,"
akageuza lori kuwafuata wazee.

Upepo ukaanza kujaribu mabati, moja moja,
kama mtu anayechagua nazi kwa kuzigonga.
Mtoto mmoja akalia. Wa pili akapokea, wa tatu,
kilio kikashika kama moto wa mabua.

Nikafanya ninalolijua. Nikafunua mizani.
"Haya! Gunia la korosho ni kilo themanini.
Nataka gunia la watoto. Nani na nani?"
Kimya. Halafu wakaanza kupimana kwa macho.
Akapanda Fakihi, akapanda Zuhura, wakapanda mapacha wa Chipoka,
mshale ukasita: themanini kasoro moja.
"Waongezeni kandambili!" akapaza kibogoyo mmoja,
na kicheko cha kwanza kikagonga paa kutokea ndani.
Kila kundi likatafuta gunia lake.
Lililoshinda ni la Somoe: watoto wanne na kuku,
yule kuku wa kikapuni ambaye bibi wa Naumbu
aliapa hapandi lori bila yeye kupanda.
Kilo themanini kamili. Kuku akalalamika.

Msimu ulishakwisha, yalibaki makapi tu pembeni,
lakini makapi yanatosha kwa mdako.
Chaki ya kuandikia madaraja ikachora duara,
korosho moja ikapita nyuma ya migongo, mkono kwa mkono,
na wa katikati akatafuta uso unaoficha.
Waliojifanya wanayo walikuwa wengi kuliko wanayo.

Saa nne umeme ukakatika.
Bati moja likang'oka upande wa choo, likaenda zake.
"Sasa mnong'ono," nikasema haraka.
"Goti kwa goti. Neno linatoka kwangu. Lisianguke."
Nikamnong'oneza wa kwanza: *Bahari imelala.*
Ulikuwa uongo, lakini uongo wa kazi.
Nikalisikia likienda gizani kama panya kwenye magunia,
mpaka mwisho wa mstari, kwa Sijaona, akatangaza:
"Bahati amelala!"

Nikamulika tochi. Kweli.
Bahati, mwaka mmoja na nusu, mgongoni mwa dada yake,
mdomo wazi.

Tulirudia mara tisa. Kila neno lilitoka limenyooka
likarudi limepinda, na kicheko kikapungua,
kikapungua, kikawa miayo.

Somoe tu hakulala. Baba yake alirudi kufungua mbuzi.
"Karani, tucheze sisi wawili.
Wewe hesabu mabati yanayolia,
mimi nahesabu waliolala.
Wa kwanza kufika mia..."
Hakusema atapata nini.
Nikahesabu. Sijawahi kuhesabu kwa uaminifu namna ile.
Alfajiri mimi nilikuwa sitini na mbili.
Yeye alikwama arobaini:
watoto walikuwa wamekwisha, akabaki mwenyewe.

Lori likarudi limejaa matope.
Akashuka mtu ameshika kamba, mwisho wa kamba hakuna mbuzi.
Somoe alimwona kabla yangu.

Nikafungua daftari la mapokezi, nikajaza kama kawaida:
Idadi, arobaini na mmoja.
Unyevu, mwingi.
Daraja, la kwanza.
Upungufu, hakuna.
Na kwenye safu ya maoni:
kuku ametaga juu ya mizani.
Yai nimelipima. Mshale haukusogea,
lakini nimeliandika.